Pikapu inanguruma lakini haipokei mafuta: pima nyaya kabla hujanunua pedeli

Swali: Fundi, shikamoo. Nina Hilux Vigo ya mwaka 2008, dizeli 2.5, gia za mkono. Nabeba dagaa na sangara kutoka Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Sengerema. Hii ni wiki ya tatu: nikiwa njiani, ghafla nakanyaga mafuta na gari halipokei. Injini haizimi, inabaki inanguruma palepale kwenye 800 hata nikikandamiza pedeli mpaka chini. Taa ya injini inawaka. Nikizima switchi nikawasha tena linakuwa zima kabisa, naenda dakika kumi au siku nzima, halafu linarudia. Juzi limenigomea katikati ya Daraja la Kigongo–Busisi nikiwa na mzigo. Fundi wa kwanza anasema pampu ya dizeli imekwisha. Wa pili anasema ninunue pedeli ya mtumba ya Sh 280,000. Hela niliyonayo inatosha jambo moja tu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na pole sana kwa lililokukuta darajani. Kwa sasa usimlipe yeyote kati yao. Sisemi ni waongo. Nasema hakuna aliyepima, na wewe mwenyewe umeshalieleza gari lako vizuri kuliko wao.

Umetaja mambo matatu. Injini haizimi. Mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) hausogei hata kidogo, unabaki kwenye 800, ambayo ndiyo sailensi ya kawaida ya injini hiyo ikiwa haijakanyagwa. Na ukizima ukawasha, gari linapona. Fundi akiyaweka hayo matatu pamoja, anatakiwa aiache pampu kwanza, apige magoti mlangoni na kuchungulia chini ya usukani.

Hilux za zamani, zile za injini za 2L, 3L na 5L, zilikuwa na kebo ya chuma kutoka kwenye pedeli mpaka kwenye mkono wa pampu. Kebo ikikatika unaiona kwa macho, ikikwama unaipaka mafuta. Vigo yako ya D-4D, dizeli inayoongozwa kwa umeme, haina kebo hiyo. Ukichungulia juu ya pedeli utaona kiboksi cheusi cha plastiki chenye soketi ya nyaya sita. Hiyo ni sensa. Mguu wako haufungui mafuta, unapeleka taarifa tu, na taarifa yenyewe ni volti: ndogo ukiachia, kubwa ukikanyaga. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inaisoma, inailinganisha na taarifa za sensa nyingine, kisha inaziamuru nozeli zimwage dizeli kiasi gani. Taarifa isipofika, kwa kontroli boksi wewe hujakanyaga kitu, hata kama pedeli umeipigilia sakafuni.

Sasa nyaya ni sita kwa sababu ndani ya kiboksi kile kuna sensa mbili, si moja, na zinafanya kazi ileile kwa wakati mmoja. Kila moja ina waya wake wa kuleta volti 5, waya wake wa taarifa na waya wake wa ethi (hasi). Ziliwekwa mbili makusudi, moja ikidanganya nyingine iseme kweli. Kwenye Toyota za aina hii, sensa moja ikipotea kontroli boksi hutumia iliyobaki lakini inakubana nguvu: gari linakwenda kinyonge, halichanganyi, taa ya injini inawaka. Zikipotea zote mbili ndipo unapoachwa kwenye sailensi kabisa. Na adhabu hiyo haiondolewi mpaka taarifa zirudi sawa na switchi izimwe. Ndiyo maana ukizima ukawasha unadhani gari limepona.

Wewe unaachwa kwenye sailensi kabisa, kwa hiyo unapoteza sensa zote mbili kwa mpigo mmoja, kisha zote mbili zinarudi. Sensa mbili kufa pamoja na kufufuka pamoja, tena kila siku, ni jambo gumu kulikubali. Lakini kuna vitu ambavyo zote mbili zinavitegemea: soketi moja pale pedelini, fungu moja la nyaya linalopita nyuma ya dashibodi, na soketi nyingine kwenye kontroli boksi upande wa abiria. Mimi ningeanzia huko, na hiyo pedeli ya mtumba ningeiweka mwisho wa foleni.

Nirudi kwenye pampu ili usibaki na wasiwasi. Pampu, filta au njia ya hewa ikiwa na shida, injini hujaribu. Gari likiwa limesimama, gia ikiwa huru, ukikanyaga mshale unapanda, pengine kwa uvivu, pengine unafika 2,000 na kugoma hapo. Mwenye filta iliyoziba akikipanda kilima cha Bugando na mzigo ataanza vizuri chini, katikati nguvu zitamwishia, akipunguza mwendo kidogo zinamrudia. Mpira wa hewa ya tabo ukipasuka utasikia mlio wa hewa na kuona moshi mweusi nyuma. Klachi ikiisha, mshale unapanda wenyewe lakini gari halisogei. Nisimwonee fundi wako wa kwanza: ipo vali ndogo kwenye pampu ya D-4D inayopima dizeli ya kuingia, na ikianza kunata gari hubanwa nguvu, taa ikawaka, na kuna siku kuzima na kuwasha kukalituliza. Lakini hapo injini mara nyingi huyumba, hukohoa au huzima moja kwa moja, na mashine husoma namba ya presha ya dizeli kama P1229 au P0087. Injini iliyotulia kimya kwenye 800 huku pedeli ikiwa chini ni habari nyingine.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusomesha namba za hitilafu kwa mashine, kabla ya kufungua hata skrubu moja. Tafadhali usiruhusu mtu achomoe betri "ili gari lijisahihishe". Kuchomoa betri kunafuta namba zilizohifadhiwa, na hizo ndizo shahidi wako. Ukikuta P2122 au P2127, taarifa iliyofika ilikuwa ndogo mno: ama volti 5 hazikufika kwenye sensa, ama waya wa taarifa umekatika au umegusa bodi. P2123 na P2128 ni kinyume chake, taarifa imekuwa kubwa mno, na hapo mshukiwa wangu wa kwanza huwa ni waya wa ethi ulioachia. P2138 maana yake sensa mbili hazikubaliani. P2121 ni sensa inayotoa taarifa zisizoaminika, na hiyo ndiyo namba inayonifanya nianze kuifikiria pedeli yenyewe. Kwako nategemea P2122 na P2127 zije pamoja. Zikija hivyo, naiona soketi au fungu la nyaya kabla sijalifikia gari.

Baada ya namba, mita ya umeme. Iwe ya tarakimu, iweke kwenye volti 20 za DC. Kifaa chochote chenye ile taa ya kupimia, ile ya bisibisi yenye balbu, kisiguse nyaya hizi: balbu inavuta umeme mwingi kuliko njia hii ilivyoumbwa kubeba na unaweza kuiua kontroli boksi. Wala usitoboe ganda la waya kwa sindano ili upate shaba. Kitundu kile kidogo hapa kwetu ziwani kinavuta unyevu, na baada ya miezi michache waya unaoza kwa ndani ukiwa mzuri kwa nje. Chukua pini nyembamba ya kushonea, ipenyeze nyuma ya soketi sambamba na waya mpaka iguse chuma, soketi ikiwa imechomekwa.

Fungua switchi bila kuwasha injini. Mita ikae kati ya waya wa taarifa na ethi yake. Pedeli ikiwa imeachiwa, taarifa ya kwanza kwenye Toyota nyingi za aina hii huwa kati ya volti 0.5 na 1.1, na ya pili iko juu kidogo, 1.2 hadi 2. Ikandamize kwa mkono, polepole, kama unayemimina mafuta ya taa kwenye kibatari. Tarakimu zote mbili zipande kwa utulivu, ya kwanza ivuke 2.6 na ya pili ivuke 3.4 ukifika chini. Zisiruke, zisidondoke. Kisha pima waya wa kuleta umeme: volti 5, pungufu au zaidi kidogo sana. Kisha ethi, kati ya waya wake na hasi ya betri: iwe karibu na sifuri.

Watu wengi huishia hapo, wanaona tarakimu nzuri, wanasema gari halina shida. Gari lako lina shida inayokuja na kuondoka, kwa hiyo lazima uiite. Shikilia pedeli nusu, mwenzako aangalie mita, halafu mkono wako mwingine utingishe soketi. Ivute kidogo, izungushe, iachie. Fuata fungu la nyaya sentimita kwa sentimita mpaka linapopotea nyuma ya dashibodi, ukilikunja taratibu. Pale tarakimu zitakapodondoka ghafla, usisogeze mkono. Hapo ndipo penye ugonjwa.

Na sasa nikueleze kwa nini kwa mtu wa kazi yako nina mashaka makubwa na nyaya. Ni panya.

Mwaka jana nililetewa pikapu kutoka Igombe yenye malalamiko kama yako. Mwenyewe alikuwa analaza gari uani, maturubai ya kuanikia dagaa yamekunjwa nyuma ya siti, madirisha yameachwa wazi kidogo ili harufu itoke. Nilipofungua kabati la dashibodi upande wa abiria, vilinidondokea vichwa vya dagaa vilivyokauka, vipande vya sufi ya siti na vinyesi. Nikamulika tochi kwenye fungu la nyaya. Ganda la nje lilikuwa limetafunwa kama muhindi wa kuchoma, upande mmoja tu. Nyaya nne ndani yake zilikuwa zimekwanguliwa mpaka shaba. Waya mmoja ulibakiwa na nyuzi tatu nyembamba kama nywele, na nilipopuliza tu kwa mdomo nikaziona zinacheza. Kwenye lami nyuzi zile zilishikana, kwenye matuta ziliachana. Yule ndugu alikuwa ameshanunua pedeli mbili.

Kwa hiyo kabla ya mita, tumia pua na tochi. Tafuta vinyesi, sufi, maganda, harufu ya mkojo wa panya nyuma ya kabati na chini ya zulia.

Mshukiwa wa pili ni maji. Gari la samaki linaoshwa sana, na ni haki lioshwe. Lakini nawaona vijana wanaoosha kule mwaloni wakielekeza mpira wa presha chini ya dashibodi ili kutoa magamba, na wengine wanamwaga ndoo nzima sakafuni. Ongeza dereva anayepanda na mabuti yaliyotoka kukanyaga barafu na maji ya samaki, ambayo mara nyingi yana chumvi kutoka kwenye mzigo. Ongeza mifereji iliyo chini ya kioo cha mbele, kwenye vitundu vya chini ya waipa; ikiziba kwa majani ya mti unaoegesha chini yake, maji ya mvua yanatafuta njia ya kuingia ndani na mara nyingi yanafuata nyaya. Ukichomoa soketi ya pedeli ukakuta unga wa kijani kwenye pini, umeshampata. Unga ule ni shaba iliyoliwa, na haupitishi umeme vizuri.

Kuutibu hakuhitaji hela nyingi, kunahitaji subira. Zima switchi, chomoa hasi ya betri (namba umeshaziandika, sasa ruksa), chomoa soketi. Puliza dawa ya kusafishia viungo vya umeme, ile inayokauka yenyewe, sugua kwa mswaki laini, puliza tena, acha ikauke. Petroli hapana, inalainisha plastiki na inaweza kuwaka. Msasa pia hapana: unaondoa lile tabaka jembamba linaloilinda pini, na baada ya mwezi kutu inarudi kwa kasi zaidi. Angalia pini za kike kama zimetanuka. Soketi iliyochomolewa mara nyingi na mafundi wengi hulegea, pini inaingia bila kukaza. Ibane taratibu kwa ncha ya sindano. Halafu isikilize wakati wa kuichomeka: lazima ilie "ta". Kishikizo kikiwa kimevunjika, tafuta soketi nyingine na nyaya zake fupi kwa wanaokata magari ya mtumba, ni bei ndogo sana ukilinganisha na pedeli nzima.

Waya uliotafunwa usizungushiwe utepe peke yake. Kata sehemu mbovu, unga kwa waya wa unene uleule, pasi kwa risasi, funika na mrija wa plastiki unaosinyaa ukipata joto, kila waya na wake. Viungo visikae vyote mahali pamoja. Vipishane ili fungu lisiwe na nundu. Kisha funga fungu zima kwenye mrija wa mikunjo na ulishikize lisisuguane na chuma. Fundi umeme akikuambia kupasi ni kupoteza muda, tafuta mwingine.

Tukifika hapa bila kupata kitu, soketi safi, nyaya nzima mpaka kontroli boksi, volti 5 zipo na ethi iko sawa, lakini tarakimu bado zinaruka ukikandamiza polepole, basi pedeli yenyewe ndiyo imechoka na sina ubishi tena. Fundi wako wa pili atakuwa amepatia. Pedeli hairekebishiki kwa kuifungua. Inabadilishwa nzima, nati chache tu na soketi. Chukua ya kwako uende nayo dukani, linganisha namba iliyobandikwa ubavuni herufi kwa herufi, kwa sababu ya petroli na ya dizeli zinaweza kufanana umbo zikatofautiana volti. Omba uipime kabla ya kulipa au uandikiwe kwamba unaweza kuirudisha. Ikidondoka chini kwenye sakafu ya duka, usiichukue. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimuuzia mama mmoja wa Nyakato pedeli bila kupima ethi. Alirudi siku ya tatu na tatizo lilelile. Nilimrudishia hela yake yote, na tangu siku ile sijawahi kufungua pedeli ya mtu kabla ya mita.

Kwa wasomaji wenye gari jipya kuliko hili: mengi ya sasa hukata mafuta ukikanyaga breki na ekseleta kwa pamoja. Swichi ya breki ikikwama, gari linaamini umeshika breki muda wote. Angalia kama taa za breki nyuma zinawaka bila kukanyaga. Na kila mtu, wa zamani na wa sasa, ainue zulia la dereva. Zulia lililopandana juu ya jingine huzuia pedeli isifike chini, au mbaya zaidi, huishikilia chini isirudi.

Mpaka utakapopima, punguza mzigo na usisafiri usiku. Zamani kivuko kilikuwa kinakupa nafasi ya kuzima injini na kuwasha upya bila hata kufikiria. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 unavuka zile kilomita 3 moja kwa moja, na gari likigoma pale kuna lori nyuma yako. Likigoma ukiwa kwenye mwendo, washa taa za hatari kwanza. Usizime switchi gari likiwa linatembea, usukani utakuwa mzito na unaweza kujifunga. Tumia mwendo uliobaki kusogea pembeni kushoto. Ukisimama, zima, hesabu mpaka kumi, fungua switchi bila mguu kwenye pedeli, kisha washa. Likikataa kabisa, ingiza gia ya kwanza na uachie klachi polepole: dizeli ikiwa kwenye sailensi ina nguvu ya kukutambaza kwenye tambarare hata na mzigo, pole pole, mpaka utoke darajani.

Ukishapima niandikie namba zote zilizosomeka, volti za sensa zote mbili pedeli ikiwa juu na ikiwa chini, na kama zilidondoka ulipotingisha nyaya na mkono ulikuwa wapi. Hapo nitakuambia kama hiyo Sh 280,000 ina kazi kwenye gari au uirudishe Mwaloni ukanunulie dagaa.